Kikao cha kusikiliza muziki: tarumbeta ya Ibrahim Maalouf

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Katika kikao chetu cha Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, tutamsikiliza Ibrahim Maalouf, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Beirut mwaka 1980 na kukulia Ufaransa.

Naomba mzingatie chombo chake kwanza. Tarumbeta ya kawaida ina vitufe vitatu, navyo haviwezi kutoa kwa urahisi zile robo za sauti (hatua ndogo kuliko nusu sauti) ambazo maqam za Kiarabu, yaani njia za kupanga sauti kama vile rast na bayati, haziwezi kukamilika bila hizo. Kwa sababu hiyo baba yake, Nassim Maalouf, alibuni tarumbeta yenye kitufe cha nne, ambacho kikibonyezwa sauti hushuka kwa robo moja tu. Kwa maoni yangu, kitufe hicho kimoja kimefanya kazi kubwa kuliko maelezo yote kuhusu kuchanganya jazi na muziki wa Kiarabu.

Tutasikiliza albamu yake ya mwaka 2015, Kalthoum, ambayo imejengwa juu ya wimbo mmoja wa mwimbaji wa Misri, Umm Kulthum, Alf Layla wa Layla, uliotungwa na Baligh Hamdi. Wenzetu mliolelewa na taarabu ya Unguja, yenye udi, ganuni na fidla, mtaitambua njia ya sauti mara moja, ingawa nyuma yake kuna piano, besi, ngoma na saksafoni.

Tafadhali msikilize kwanza wimbo wenyewe wa Umm Kulthum kabla ya kuja.