Uzito unaokufaa leo

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeumia kwa ajili yako. Umetoka kwenye jimu huko Isevya ukashindwa hata kuchuchumaa kuwasha jiko, halafu kwa woga ukahamia vile vidambeli vya kilo moja moja, unanyanyua mara thelathini huku mnapiga soga. Unaniuliza kipi ni sahihi. Vyote viwili havikufai, na sitaki uache mazoezi kwa sababu hiyo. Kwa umri wetu huu, misuli na mifupa ndivyo vya kulinda.

Kipimo ninachokitegemea ni hiki. Ukimaliza raundi, yaani zile mara unazonyanyua mfululizo kabla ya kupumzika, jiulize: bila kuharibu mkao, ningeweza kuongeza mara ngapi? Jibu likiwa mbili au tatu, uzito huo ni wako kwa leo. Likiwa kumi, mwili haujapewa sababu ya kujenga chochote. Likiwa hata moja haiwezekani, na mgongo umeshaanza kupinda, umezidisha, hasa wewe unayeanza. Iwe raundi ya mara nane au ya mara ishirini, misuli hukua mradi umalize ukiwa karibu na kikomo, ingawa kwa kutafuta nguvu zenyewe mzigo mzito kidogo hufaa zaidi. Kwa hiyo vidambeli vyako havina kosa. Shida ni kwamba unaviweka chini mikono ikiwa bado haijaanza kuchoka.

Ugumu uko kwenye kujibu swali hilo kwa ukweli. Wengi, hasa wageni wa vyuma, huhisi imebaki moja kumbe zimebaki nne au tano, kwa sababu misuli ikianza kuwaka tunadhani imekwisha. Ndiyo maana naangalia mwendo kuliko hisia. Mara za mwanzo mzigo hupanda haraka. Ukifika karibu na kikomo hupanda polepole wenyewe, hata kama unasukuma kwa nguvu zako zote. Hapo ndipo zimebaki chache. Siku mojamoja, kwa zoezi lisilo na hatari kama kukunja mikono, endelea mpaka ushindwe kabisa. Utajua makisio yako yalikuwa mbali kiasi gani. Usifanye hivyo ukiwa na chuma juu ya kifua na hakuna mtu pembeni.

Haya hayakuanza leo. Miaka ya 1940 kule Chicago, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa anawatibu askari walioumia magoti vitani. Alimtafutia kila mmoja mzigo anaoweza kuunyanyua mara kumi tu, na kila wiki akapima upya, kwa sababu mzigo wa wiki iliyopita ulikuwa umeshakuwa mwepesi. Baadaye yeye na mwenzake wakapanga raundi tatu za mara kumi: ya kwanza kwa nusu ya mzigo huo, ya pili kwa robo tatu, ya mwisho kwa mzigo kamili. Mimi napenda sana mpango huo. Unaupasha mwili moto kabla ya kuudai, na kila mtu anadaiwa kwa kadiri yake. Yule kijana wa jimu aliyekupa chuma kilekile anachonyanyua mwenzako aliyefanya mazoezi miaka miwili alikuwa anapima chuma, hakukupima wewe.

Kama hutaki kurudi kule, fanya nyumbani kwa madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita ishirini ni mizani tosha: unaongeza kikombe kwa kikombe, jambo ambalo hata jimu nyingi haziwezi, maana sahani zao huruka kilo kadhaa kwa mpigo. Dumu la nusu huyumba kwa sababu maji yanachezacheza ndani. Likikusumbua weka kichanga, ila kichanga ni kizito kuliko maji, upime upya. Ukiona siku mbili za mazoezi zinazofuatana unapita idadi uliyojiwekea kwa mara moja au mbili, ongeza. Kwa miguu, kama unachuchumaa na kilo ishirini, ongeza lita moja au mbili. Kwa kusukuma juu ya kichwa na kilo tano, nusu lita inatosha. Wiki za mwanzo utapata nguvu haraka mno, kwa kuwa mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli uliyonayo tayari. Usidanganyike ukarukia mzigo mkubwa: kano zinazoshika misuli kwenye mifupa huimarika taratibu zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau siku mbili kwa wiki. Acha siku moja katikati ya mazoezi ya sehemu ileile, na kati ya raundi pumzika dakika mbili au tatu. Ukiwa umelala vibaya, au ni Ramadhani, dumu lilelile litakuwa zito. Lipunguze bila kujilaumu; kipimo ni zile mbili au tatu zinazobaki, si kilo ulizoandika juzi.

Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha ndani ya siku chache ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo si ya kuvumilia, acha hapo hapo. Na mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usibane pumzi unaponyanyua, na kwa sababu kwenu presha ipo, mwone daktari kwanza.

Nimekuwekea dagaa na migebuka mikavu, nitampa mtu anayekuja na treni. Kula kila siku, misuli inajengwa na hivyo. Anza Jumatatu, kisha uniandikie kwa kila zoezi kilo ngapi, mara ngapi, na unadhani zilibaki ngapi. Tutaongeza pamoja.

Msalimie mama sana.

Shoga yako wa Ujiji