Mawaridi ya mwisho kabla ya sakitu

Njombe, 28 Mei

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi hatujambo, ila magoti yangu na baridi hii havipatani. Kaka yako ndiye aliyeniambia kuwa umetolewa chumba cha kufungashia maua ukapelekwa grinihausi. Kwa nini nisikie kwake, wakati simu yangu unayo? Sasa nijibu mwenyewe: wakishapuliza dawa, mnakaa nje muda gani ndipo mrudi ndani? Na glavu, mnapewa au mnajinunulia?

Nakuandikia nikiwa kibarazani. Mvua mwaka huu imechelewa kukata, na yale mashina ya waridi niliyoyapogoa Februari yamechanua tena, nikiwa nimeshakata tamaa nayo. Leo asubuhi nimehesabu maua 14. Ndiyo ya mwisho haya. Sakitu ya Juni ikishuka, umande ukaganda kuwa barafu, machipukizi yatababuka kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Lakini mwanangu, maua ya baridi yana uzuri wake. Ya Desemba hufunguka leo, keshokutwa petali ziko chini. Haya yanajifungua polepole. Lile jekundu la karibu na tangi leo lina siku ya tisa, na wekundu wake umekolea hadi unakaribia weusi. Petali za nje zimeguswa na ukungu, zina ukingo wa kahawia, ila ukiinama ukaweka pua pale katikati, harufu iko yote. Chai yangu ya asubuhi naiacha ipoe nikiwa pale.

Huko nasikia mnayakata yangali yamefumba, ili yakafungukie Ulaya. Basi unalea maua usiyoyaona yakichanua. Haya yetu sijakata hata moja. Kaka yako ameyapiga picha, mkumbushe akutumie.

Mimi sipulizi kitu. Vidukari nawapukuta kwa vidole, vikonyo naviosha kwa maji ya sabuni, na majani yenye ubwiri unga nayachuma nayachoma. Najua shamba la watu haliendeshwi hivyo. Na najua mshahara wako ndio ulioezeka jiko letu. Kila anayeingia humu namwambia bati hizi ni za binti yangu. Lakini usiingie kabla ya muda. Msimamizi akikuharakisha, mwambie una kifua. Huna kifua, ila sema hivyo hivyo. Wewe tangu utoto ukitumwa unakimbia bila kuuliza, na hilo silipendi, ingawa mimi ndiye niliyekuzoesha.

Ule mwaka wa viazi, ulipokuwa ukituletea maji ya bomba la kupulizia dawa, ukakesha unajikuna mikono, nilikuambia ni upupu. Kule shambani upupu haukuwako. Baba yako alinyamaza, nami nikanyamaza, maana viazi vilikuwa vinaungua na ada ilikuwa inadaiwa. Nimeliwaza hilo wiki nzima. Ukitoka kazini, badili nguo na uoge kabla hujambeba mtoto. Ovaroli usiifue pamoja na nguo zake, hata kama sabuni ni kidogo.

Parachichi tumechuma, mnunuzi amechukua makubwa tu, madogo tunakula na kuwapa majirani. Lile tetea jeusi limeangua vifaranga 8, mwewe kachukua wawili. Blanketi la kijani usilitafute, nimempa shangazi yako, kwake baridi ni kali kuliko hapa. Toroli bado liko kwa kaka yako, mwambie wewe, mimi hanisikii. Mvua zikianza Novemba nitakukatia vijiti vinne vya lile waridi jekundu, uchomeke hapo ulipopanga, hata kwenye ndoo iliyotoboka. Uwe na lako la kulitazama hadi lipukutike.

Jana nilishuka sokoni, duka la pembejeo. Glavu ndefu, zile zinazofika kiwikoni, wamebaki na namba 9 tu, na mkono wako ni mdogo kama wangu. Wameniagizia namba 7 kutoka Makambako, zinafika Ijumaa. Jirani anapanda basi la Arusha Jumamosi alfajiri, nitampa jozi mbili. Zote ni zako, usimwazime mtu.

Mama yako