Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mtoto wa miaka 12 kauziwa dawa ya usingizi

Mheshimiwa Waziri,

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Jumapili iliyopita mama yangu, mwenye miaka 74, alimtuma mwanangu wa miaka 12 duka la dawa na Sh1,000. Mtoto akarudi na vidonge kumi vya diazepamu ndani ya kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "1x1 usiku". Hakuulizwa ni vya nani. Hakuulizwa cheti cha daktari. Na bibi yake yuko kitandani na nyonga iliyovunjika, kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo.

Alivianza mwaka juzi, baba alipofariki na usingizi ukamkimbia. Daktari alimwandikia vya siku saba, huyo simlaumu. Vilipokwisha, mama akagundua kwamba dukani haulizwi kitu. Sisi wanawe tukamwona anasahau, anayumba akiinuka, tukasema ni uzee. Mimi mwenyewe nilisema uzee, nikamnunulia mkongojo. Usiku mmoja akaamka kwenda msalani, akaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Wodini ndipo nilipoelezwa kwamba mwili wa mzee huchelewa sana kuitoa dawa hii. Kidonge cha leo kinakuta cha jana na cha juzi bado vimo. Madaktari wa wazee wa Marekani wameiweka kwenye orodha ya dawa za kuepukwa kuanzia miaka 65. Na kuiacha ghafla nako ni hatari, anaweza kushikwa na degedege, kwa hiyo anapunguziwa kidogo kidogo. Kila jioni nakata kidonge kwa wembe. Halali yeye, silali mimi, na meza yangu ya vitenge sokoni haijafunguliwa tangu aanguke.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mara ya kwanza mwaka 2003. Dirisha la wazee hospitalini tumelipata, na nashukuru kwa dhati. Lakini mama hakuumizwa hospitalini. Ameumizwa na duka lililo hatua chache kutoka mlangoni kwake, na dawa hii kisheria ni ya cheti! Nadhani muuzaji anamwogopa mteja kuliko mkaguzi, kwa kuwa mteja anamwona kila siku. Labda pia haoni hatari, maana ni kidonge kidogo na bei yake ndogo.

Siombi duka lifungwe. Homa ya usiku hutupeleka hapo hapo. Naomba muuzaji aulize: dawa ya nani, ana miaka mingapi, cheti kiko wapi? Cheti hakuna, asiuze. Na wakaguzi wako wafike mitaani kwetu, si barabara kuu tu.

Kumbe mtoto amekuwa akitumwa tangu mwaka jana. Jana ameniuliza kama bibi alianguka kwa sababu yake. Nimemwambia hapana. Mheshimiwa, nakuomba, asiuziwe tena.

Binti wa mgonjwa,
Morogoro