Kiki Niliyekusimulia Siye

Den Haag, Jumapili usiku

Mwanangu,

Salamu sana. Sisi hapa wazima, isipokuwa mashine ya kufulia ambayo imeanza tena kunguruma kama inasaga kokoto. Bibi yako kapiga simu kutoka Mombasa alfajiri, kwani yule hajali huku ni saa ngapi, akauliza kama bado unapiga "kile kimpira cha manjano". Nikamwambia ndiyo. Basi nimemdanganya mama yangu, mtu mzima, na uongo huo umenikaa kooni kutwa nzima hadi nikaona bora nichukue kalamu.

Ujumbe wako wa Jumatano niliusoma ndani ya basi, natoka kazini. "Mama, nimeacha tenisi. Klabu nimeshawaambia. Usinipigie leo." Nami nikakupigia papo hapo, mbele ya abiria, kwa sauti niliyodhani ni ya chini. Maneno yangu unayakumbuka, sina haja ya kuyarudia yote. Ila moja nalirudia kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie: "Kiki angekuwa na moyo wa karatasi kama wako, leo nani angemjua?" Halafu nikakata simu kabla hujajibu.

Nilikukosea, mama. Si kwa ukali tu. Ukali wangu umeuzoea tangu unanyonya. Nilikukosea kwa sababu nilikupiga kwa fimbo ambayo si fimbo. Miaka yote hii nimekusimulia nusu ya Kiki Bertens, yule mchezaji tenisi wa Uholanzi, na nusu yenyewe nimeichagua mimi.

Unajua ilivyoanza. Nilipopata kazi kwenye zile nyumba za vioo za Westland wanakolima nyanya, basi langu lilikuwa likipita Wateringen, na Wateringen ndiko alikozaliwa Kiki, Desemba 1991. Mimi nilikuwa sijui tenisi hata kidogo. Lakini kuna watu wawili watatu kazini waliokuwa wakimtaja kama mtoto wa shangazi yao, nami mgeni, sina shangazi huku, nikajichukulia shangazi huyohuyo. Jioni nikirudi vidole vimeshika ule utomvu wa nyanya, mweusi wenye ukijani, ukitia sabuni povu linageuka manjano. Wewe ulikuwa unapenda kusimama kwenye kigoda kando ya sinki kuliangalia lile povu. Huku naosha, huku nakusimulia. Kiki huyu. Kiki yule. Katoka hapahapa kwenye nyanya.

Nilikuwa naanza na Fes. Aprili 2012, msichana wa miaka 20, anakwenda Moroko, anaanzia raundi za mchujo pamoja na wasiojulikana, na anarudi na taji lake la kwanza la WTA, ile ligi ya dunia ya tenisi ya wanawake. Hiyo niliipenda kwa kuwa ni "kwetu Afrika", na baba yako akanicheka, akaniambia kutoka Den Haag hadi Fes ni karibu kuliko kutoka Mombasa hadi Fes. Sikujali. Halafu naruka hadi 2016: anatwaa taji Nürnberg, tena kwa kuanzia mchujo, anateremka Paris kwenye mashindano makubwa ya Ufaransa bila kupumua, raundi ya kwanza tu anamtoa Angelique Kerber, bingwa wa Australia wa mwaka ule, na haachi mpaka nusu fainali. Tangu Betty Stöve mwaka 1977, hakuna mwanamke wa Uholanzi aliyekuwa amefika hapo kwenye mashindano makubwa akicheza peke yake. Serena Williams akamsimamisha, 7-6, 6-4, naye Kiki mguu ukimuuma. Hapo nilikuwa natua sahani, nakuambia: unaona?

Kisha naruka tena, safari hii hadi Cincinnati, Agosti 2018. Simona Halep, nambari moja duniani, ana pointi moja tu ya kumaliza mechi. Seti ya kwanza Kiki kapigwa 6-2, ya pili iko kwenye taibreka, yaani zile pointi za kuamua seti ikiwa sare 6-6. Akaiokoa ile pointi, akachukua seti, akamaliza 6-2. Tena kwenye uwanja mgumu, yeye aliyekuwa anaitwa mtu wa viwanja vya udongo mwekundu. Na Mei 2019 Madrid, taji kubwa kuliko yote aliyowahi kushinda, bila kupoteza hata seti moja, Halep tena kwenye fainali, 6-4, 6-4. Jumatatu yake akawa nambari 4 duniani. Mholanzi wa kike hajawahi kupanda juu ya hapo.

Basi angalia nilivyokuwa naruka. Kutoka 2016 moja kwa moja hadi 2018. Kwenye kuruka huko ndiko nilikokuficha.

Mwisho wa 2017 Kiki Bertens alitaka kuacha. Kalisema hilo mwenyewe hadharani, wala si siri, mimi tu ndiye niliyelifanya siri nyumbani kwangu. Na wala hakuwa anashindwa. Mwaka huohuo katwaa mataji mawili, Nürnberg na Gstaad. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza sikuielewa. Mtu ana mataji mawili kabatini, anataka kuacha nini?

Baadaye nikaja kuelewa hesabu yao. Pointi za tenisi haziwekwi benki. Ulizovuna wiki hii zinaishi wiki 52, kisha zinafutwa. Ukifika nusu fainali Paris mwaka huu, mwaka ujao unarudi palepale si kuongeza bali kuziba shimo, na ukitolewa mapema unashuka mbele ya macho ya watu. Yeye 2017 alirudi Paris akatolewa raundi ya pili. Ni kama sisi wapangaji: hata ulipe kodi kwa wakati miaka kumi, nyumba haiwi yako. Tena wao kila wiki wako mji mwingine, hoteli nyingine, na wengi wao kila wiki wanaimaliza kwa kufungwa, kwa sababu kwenye shindano zima ni mmoja tu anayeondoka bila kufungwa. Fikiria kazi ambayo karibu kila Ijumaa bosi anakuambia umeshindwa, nenda, Jumatatu uje tena.

Sasa nikwambie ukweli wa mamako. Niliposoma habari hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kufurahi. Nikasema, haya basi! Alitaka kuacha, hakuacha, akaenda akawa nambari 4. Nilikuwa na fimbo mpya, ndefu kuliko ya kwanza. Nikaiweka tayari kwa siku nitakayoihitaji, na Jumatano nilikuwa nakaribia kuitoa.

Ila usiku ule usingizi haukuja, nikarudi kusoma. Kiki alipochoka alimwambia kocha wake, Raemon Sluiter, kwamba hajui kama anataka tena. Wakakaa, wakazungumza. Hakuamua siku hiyo. Aliporudi uwanjani 2018 alirudi kwa namna nyingine, akijiruhusu kucheza bila kujitesa kwa kila pointi, na mataji yakaja yenyewe: Charleston, Cincinnati, Seoul. Mimi nimeliangalia jambo hilo juu chini na ninaloliona ni dogo sana. Tofauti yangu na yule kocha ni kwamba yeye hakukata simu.

Na kuna lile la Paris, mwisho wa Septemba 2020. Hili tuliliona pamoja, wewe una miaka 13, tumejifunika blanketi moja, korona imetufungia ndani na mashindano ya Mei yamesogezwa hadi baridi. Kiki na Sara Errani, Mwitaliano aliyewahi kufika fainali hapohapo. Nakumbuka Errani kuanzisha mpira kulimshinda, hata akawa anaurusha kwa chini kama watoto wa uani, nasi tukacheka. Tukaacha kucheka seti ya tatu. Kiki misuli inamkaza, anaburuta mguu, anapiga mpira na uso umekunjamana. Errani akafika pointi moja kumaliza, Kiki akaiokoa. Saa tatu zikapita. 9-7. Kiki kashinda, na badala ya kunyoosha mikono akaanguka, akalia kwa maumivu, wakamtoa kwenye kiti cha magurudumu. Errani alikasirika, akidhani kuna kuigiza. Mimi nikasimama juu ya sofa nikapiga vigelegele, jirani wa chini akagonga dari.

Wewe ukaniuliza: "Mama, kwani angeacha angepigwa?"

Nilicheka, mwanangu. Nikasema, "Ndio ushindi huo, angalia ujifunze." Umri ule ulikuwa tayari unacheza mashindano ya watoto kila wikendi, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa kando ya uwanja na mkoba mapajani. Leo nikilikumbuka swali lako sicheki. Hukuwa unauliza habari za Kiki.

Baada ya siku mbili alicheza tena na kushinda, hiyo nilikusimulia. Sikukusimulia kwamba vuli ileile alipasuliwa kano ya kisigino, ambayo ilikuwa inamsumbua kitambo, na kwamba aliporudi 2021 mwili ulirudi nusu na hamu haikurudi kabisa. Juni mwaka huo akatangaza kwamba anaacha. Ana miaka 29. Wimbledon bado walimpanga wa 17 kati ya wachezaji bora wa shindano. Hakufukuzwa na mtu wala hakuishiwa. Akaenda Tokyo kwenye Olimpiki, akacheza mechi zake za mwisho, akarudi kwa mumewe. Mataji 10 ya kucheza peke yake, na mengine 10 ya kucheza wawili. Basi. Sijasikia mtu Wateringen akisema ana moyo wa karatasi, na mimi mwenyewe siku ile nilisema, "Maskini, kapumzike, mama." Mtoto wa mwenzangu nilimwambia apumzike. Wangu nikamkatia simu kwenye basi.

Nimejiuliza nilikuwa nalilia nini hasa. Kwanza nilidhani ni pesa, na sikufichi, pesa zimo: viatu vinavyoisha soli ya kulia kabla ya kushoto, nyuzi za raketi, kiingilio, mafuta ya ile Opel ya kuazima. Nilianza hata kujumlisha nyuma ya bahasha ya manispaa, nikaacha njiani kwa aibu. Halafu nikajua si pesa. Ni zile Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi, bado giza, anga ya Westland imekuwa ya rangi ya chungwa kwa taa za nyumba za vioo, wewe umelala kiti cha mbele umefungua mdomo, chai ya tangawizi kwenye chupa na mahamri yamefungwa kwenye karatasi ya fedha. Tunakwenda Alkmaar, tunakwenda Apeldoorn, miji ambayo nisingekuwa na sababu ya kuijua. Tukirudi umefungwa tulikuwa hatusemi kitu hadi Leiden, halafu wewe unauliza kama mahamri yamebaki. Nyumba nzima hii hakuna saa nyingine niliyokuwa nawe peke yako.

Kwa hiyo wewe ulipoandika "nimeacha tenisi", mimi nilisoma kitu kingine. Kosa si lako.

Sitakuuliza kwa nini umeacha. Ukitaka kunieleza, nitasikia. Kama ni mwili unauma, nenda kwa daktari, hilo naliomba kama mama wala si kama kocha. Kama ni masomo ya chuo, ni masomo. Kama umechoka tu, uchovu nao ni sababu, nami ninayesimama kwa muda wa saa nane kati ya nyanya ningelijua hilo kabla ya watu wote. Ukirudi uwanjani mwakani, rudi. Usiporudi, lile begi la raketi lililoko ukumbini nitalihamisha tu nipate pa kuweka mwavuli.

Nimekutumia kifurushi kwa posta, kitafika Jumanne au Jumatano. Kuna viungo vya pilau, nimevisaga mwenyewe, usiwape wenzako wa chumba wakavimalizia kwenye supu. Kuna soksi. Ile picha yako ya kikombe cha Apeldoorn sikuiweka, imebaki ukutani, naomba uniachie hiyo.

Jumamosi ijayo sina pa kwenda saa kumi na mbili, lakini najua nitaamka kwa mazoea, nitakaanga mahamri. Ukiwa macho, nipigie wewe. Mimi sikati.

Na bibi yako utamwambia mwenyewe. Yule mimi simwezi.

Mamako