Malalamiko: mlisafisha vumbi mkafuta na muziki wangu

Kondele, Kisumu
17 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Matengenezo,
Tawi la Kisumu.

Bwana Meneja,

KUH: KUFUTWA KWA ORODHA ZA MUZIKI ZA TEKKEN 7 NA KUDHALILISHWA KWENYE KAUNTA

Salamu. Natumaini barua hii itakufikia wewe mwenyewe, isiishie kwenye droo ya kijana wenu wa kaunta, kwa sababu sehemu kubwa ya barua hii inamhusu yeye.

Fomu yenu ya kupokea mashine mnaijua. Mliichapa wenyewe, mkaipiga muhuri, na kipengele cha kutogusa data ya mteja bila ruhusa yake kiko palepale juu ya sahihi yangu, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea. Niliwaletea PS4, mashine yangu ya kuchezea gemu, kwa sababu feni yake ilikuwa inanguruma kama posho mili. Mlinitoza KSh 3,500 mtoe vumbi na kubadilisha pesti ya joto. Basi. Hakuna aliyewatuma kwenye diski. Mmenirudishia mashine inayong'aa nje, ndani imekaa kama nyumba iliyohamwa.

Ijumaa tarehe 14, kama saa kumi na moja jioni, nilisimama kwenye kaunta yenu pamoja na vijana wawili, wateja wangu, walionisindikiza kunisaidia kubeba. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Niliomba mashine iwashwe kabla sijatia sahihi, na ikawashwa kwenye ile runinga kubwa mliyoitundika ukutani. Nikaingia Tekken 7, ile gemu ya mapigano, nikafungua Jukebox, sehemu yake ya kupangia muziki. Orodha zangu hazikuwepo, hata moja. Nikauliza kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, nyimbo zangu ziko wapi?" Kijana wenu hakunijibu. Aligeukia foleni akapaza sauti: "Buda mzima analilia nyimbo za gemu!" Watu wakaangua kicheko. Vijana wangu wakainamisha vichwa.

Labda hata wewe unatabasamu ukisoma hapa. Naomba univumilie kidogo.

Mimi naendesha kibanda cha gemu hapa Kondele. Shilingi ishirini kwa pambano, anayeshindwa anatoka. Tekken 7 ilipotoka tarehe 2 Juni 2017, hiyo sehemu ya Jukebox iliwekwa kwenye PS4, na ndiyo maana mashine niliyoitafuta ni PS4 wala si nyingine. Inakuruhusu kuchukua muziki wa Tekken zilizotangulia na kuupanga upya kwa kila uwanja wa kupigania ulio ndani ya gemu, uwanja huu upigwe wimbo huu, uwanja ule upigwe ule. Mtu aliyeijua Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza mwaka 1998, akiwa mvulana wa kaptula, akisikia muziki ule leo anaweka mia mezani bila kuulizwa. Hiyo ni biashara, Bwana Meneja. Vibanda vya gemu viko kila kona kuanzia Manyatta hadi Nyalenda, na vyote vina Tekken. Kilichowafanya watu wavipite vingine waje kwangu ni muziki.

Na muziki wenyewe sikuupanga peke yangu. Kwangu kuna sheria moja: ukishinda mapambano kumi mfululizo, unapewa uwanja. Unakaa kwenye kiti changu, unasikiliza muziki wote kuanzia Tekken ya kwanza, unachagua utakaopigwa kwenye uwanja huo, na hakuna wa kuubadilisha mpaka atokee mwingine wa kushinda kumi akunyang'anye. Miaka mitatu na nusu tumefanya hivyo. Infinite Azure, ule uwanja wa maji na anga tupu, ambao kwa kweli unafanana na ziwa pale Dunga alfajiri kabla mitumbwi haijarudi, ulikuwa wa fundi viatu mmoja wa Kibuye. Huyo bwana alichukua Jumapili mbili kuamua wimbo. Jumapili mbili! Jungle Outpost ulikuwa wa dereva wa tuktuk. Arctic Snowfall ulikuwa wa msichana wa chuo ambaye hadi leo hakuna mwanamume wa mtaa huu aliyemng'oa. Viwanja kumi na sita vilikuwa na wenyewe. Na kwa kuwa Tekken 7 hubadilisha muziki mnapofika raundi ya mwisho, kuna watu walikuwa wanajua kwamba pambano limeiva hata wakiwa nje wanakula mahindi ya kuchoma.

Hizo ndizo "nyimbo za gemu" alizozichekea.

Mtaniuliza mbona sikunakili data kwenye flashi. Swali hilo niliulizwa kwa simu, na tena si mara moja. Nilikuwa na flashi, nilinakili mwaka juzi, na nakala hiyo ina viwanja vitano tu. Nilikuwa pia na daftari, nikaacha kuandika. Kosa hilo ni langu na ninalikubali. Lakini mwenye nyumba akisahau kufunga kabati, fundi aliyeitwa kuziba paa hana ruhusa ya kutoa nguo nje. Mngenipigia simu moja tu kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta: "Mzee, tunataka kusafisha diski, una kitu ndani?" Namba yangu mlikuwa nayo. Simu ya kunidai salio la pesa mliipiga vizuri sana, tena saa moja asubuhi.

Kuhusu hizo simu. Mashine niliileta Jumatano tarehe 5. Nikaambiwa Ijumaa tarehe 7. Ijumaa nikaambiwa pesti haijafika kutoka Nairobi. Jumamosi, siku yangu kubwa, simu haikupokelewa. Jumatatu nikaambiwa iko tayari, nikapanda boda hadi mjini, nikafika nikaambiwa aliyenijibu alikuwa anaangalia mashine ya mtu mwingine. Jumatano sauti tofauti ikaniambia "inafanyiwa majaribio." Majaribio gani ya feni ya siku mbili? Nashuku, na nitaendelea kushuku mpaka mnithibitishie vingine, kwamba mashine yangu ilikuwa inachezewa hapo dukani kwenye ile runinga kubwa, ndipo mtu akaona nafasi imejaa akafuta kila kitu ili aweke gemu yake. Kama nimekosea, nitajieni aliyeianzisha mashine upya na sababu yake. Si neno zito kuandika.

Siku zote hizo wateja wangu walirudi kwenye PS3 ya zamani yenye Tekken Tag Tournament 2. Hapo kando niseme, kwa muziki ile ya 2012 ilikuwa gemu ya heshima: ilikuruhusu kuweka hata nyimbo zako mwenyewe kutoka kwenye diski ya mashine. Niliweka ohangla, muziki wetu wa Kijaluo, na watu walikuwa wanarushiana mateke huku mabega yanacheza. Walioitengeneza walielewa kwamba mtu akipigana anataka kusikia kwao. Mafundi wenu hilo halijawafikia. Lakini padi za PS3 zimechoka, na foleni ya mashine moja huwachosha watu, wakaondoka. Wengine hawajarudi.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu sijamaliza, na kwa sababu tangu Ijumaa sijalala vizuri.

Nilipouliza nyimbo zangu ziko wapi, kabla hata ya ile kelele yake kwa foleni, alinisukumia fomu na kalamu. "Tia sahihi kwanza." Nikasema siwezi kutia sahihi kwamba nimepokea mashine ikiwa sawa ilhali haiko sawa. Akasema, "Imewaka, haijawaka?" Nikasema imewaka. "Basi iko sawa." Ndipo nikamweleza, kwa sauti ya chini kwa sababu sikutaka kumwaibisha mbele ya watu, fikiria, mimi ndiye niliyekuwa namhurumia yeye, nikamweleza kwamba mle ndani kulikuwa na kazi ya miaka mitatu. Ndipo akageuka. "Buda mzima analilia nyimbo za gemu!" Kisha akaanza kuimba kwa pua, ti-ti-ti-ti, akipiga ngumi hewani kama mtoto anayemwigiza kichaa wa sokoni. Foleni ikacheka upya. Mama mmoja aliyeshika simu iliyopasuka kioo alicheka hadi akashika kifua, na mama huyo simlaumu, maana alichekeshwa.

Akaongeza: "Nunua PS5, mzee. Tekken 8 ina Jukebox. Tunaziuza hapa." Kwamba Tekken 8 ilitoka tarehe 26 Januari 2024, kwamba ina Jukebox, kwamba haichezeki kwenye PS4, hayo nayajua kumzidi. Ninachojua zaidi ni kwamba orodha za Tekken 7 hazihamii huko. Yaani mnivunjie sufuria kisha mniuzie jiko jipya, tena mnasema tunasaidiana!

Na kuna jambo ambalo hapo juu sikulisema, kwa sababu kalamu ilikataa. Mmoja wa wale vijana wawili, wa kidato cha tatu, alikuwa amepata uwanja wake wiki tatu tu kabla. Mapambano kumi, la kumi alimshinda yule dereva wa tuktuk akiwa amebakiza uzi wa damu. Katikati ya kicheko cha foleni yenu kijana huyo alinivuta mkono akaniuliza polepole, "Hata yangu imeenda?" Kijana wenu alimsikia. Akamjibu yeye, mtoto wa watu: "Imeenda na maji, bradha." Halafu akamwita bawabu aniongoze hadi mlangoni kwa kuwa ninazuia wateja. Mimi! Mwenye risiti mkononi! Bawabu, Mungu ambariki, ndiye mtu pekee katika jengo lenu aliyeniambia "pole mzee."

Sasa Kondele nzima ninaitwa DJ. Asubuhi hii mwuza mboga ameniamkia hivyo.

Nilipoanza kuandika barua hii jana usiku, nilikusudia kuomba mambo mawili: mnirudishie KSh 3,500, na mniandikie barua ya kuomba radhi. Nilikuwa hata tayari kuwaachia siku mbili mlizoahidi mwanzoni, niwadai siku saba za kuchelewa peke yake. Mashine hiyo huniingizia takriban KSh 1,200 kwa siku, kwa hiyo saba ni KSh 8,400. Nilitaka kuwapa siku 14 za kujibu.

Lakini nimeandika hadi hapa na nimekumbuka ile sauti ya pua. Sasa nazidai siku zote tisa, yaani KSh 10,800, pamoja na zile 3,500 zenu. Jumla KSh 14,300. Nauli ya boda nawasamehe. Radhi siitaki tena kwa barua. Naitaka pale pale kwenye kaunta, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, foleni ikiwepo, na iwe kwa sauti ileile aliyoitumia kunitukana. Na yule kijana wa kidato cha tatu aombwe radhi kwa nafsi yake, maana hakuwa na kosa hata la kusahau flashi.

Tena, huyo mfanyakazi wenu aje kibandani. Aketi kwenye kiti changu, awapokee wenye viwanja mmoja mmoja, afungue Jukebox, awatafutie nyimbo zao. Yule fundi viatu atakuja na kazi zake za Jumapili mbili, na asiharakishwe. Chai nitampa. Sina roho mbaya kiasi hicho.

Siku 14 nimezipunguza, ni 7. Mkikaa kimya, mnajua njia zilizopo kama ninavyozijua. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya kulipwa fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Mimi nina muda. Wateja wangu wamepungua, kwa hivyo muda ninao mwingi, na mashahidi ninao wawili waliokuwa na macho na masikio. Fomu yenu ya kuchukulia mashine, ile ambayo sikuitia sahihi, ninayo pia. Nilitoka nayo, na bawabu wenu alinifungulia mlango.

Ijumaa nitakuwa hapo saa kumi na moja kasoro, nitajiunga na foleni kama mteja mwingine yeyote.

Ni mimi,
Mwenye kibanda cha gemu, Kondele

Tanbihi: Waya wa HDMI mlionirudishia si wangu. Wangu ulikuwa na fundo la utepe mwekundu. Huo nao uwe kwenye kaunta Ijumaa.