Barua ya wazi kwa Katibu wa Elimu ya Ufundi: Mpimaji asiyewahi kuuona ufa

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia kutoka Eneo la Viwanda, Nairobi. Mimi ni mpimaji wa vyuma wa daraja la 2. Kazi yangu ni kutafuta kasoro zilizojificha kwenye mishono ya kuchomelea, mabomba na maboila bila kukata wala kuharibu chochote.

Majuzi niliitwa kwenye kiwanda kimoja hapa jirani. Boila lilikuwa limezimwa na kupoa, na karatasi ya kusema limepimwa na liko salama ilibandikwa ukutani. Nikausafisha mshono wa chini, nikaupulizia rangi nyekundu inayopenya ndani ya nyufa, nikasubiri, nikaifuta, kisha nikapuliza unga mweupe unaoivuta nje rangi iliyojificha. Sijafunga hata kopo, ufa ukaanza kujichora kwa mstari mwekundu kwenye ule weupe, mwembamba kama uzi, urefu wa kidole. Hatua nne kutoka pale ndipo mwendeshaji wa boila huweka kiti chake, mchana kutwa.

Kijana aliyelipima mara ya kwanza nilimtafuta. Si mwongo, na si mvivu. Alilipa karo, akakaa darasani siku chache akitazama picha ukutani, akapewa cheti na walewale waliomfundisha. Aliniambia, "Kaka, ufa wenyewe sijawahi kuuona. Ningeujuaje?"

Swali lake ndilo nakuletea.

Kanuni za kimataifa za kuthibitisha wapimaji kama sisi, ISO 9712, ziko wazi. Mpimaji wa daraja la 1 hupima akisimamiwa, wala haruhusiwi kutafsiri matokeo. Wa daraja la 2 hutafsiri na kutia sahihi. Kufika hapo lazima awe amefanya kazi kwa muda chini ya msimamizi, apimwe macho kila mwaka, na apate angalau asilimia 70 katika kila sehemu ya mtihani, ule wa vitendo ukiwemo. Shirika linalotoa cheti likiwa linafundisha pia, lazima lioneshe kwamba mafunzo yametengwa na mtihani. Upo pia utaratibu wa Marekani, SNT-TC-1A, ambapo mwajiri humthibitisha mfanyakazi wake mwenyewe. Lakini hapo kijana akihama kazi, uthibitisho ule hahami nao, na vijana wetu wengi ni vibarua wa mkataba wa miezi mitatu.

Madarasa tunayo, Mheshimiwa. Tunachokosa ni vyuma vibovu. Mtihani wa vitendo unahitaji vipande ambavyo kasoro zake zinajulikana: ziko wapi, zina urefu gani, kina gani. Fundi mmoja mmoja hawezi kuvinunua. Na si lazima vyote viagizwe ng'ambo. Mchomeleaji stadi wa Kariobangi anajua kuharibu makusudi: aache takataka ndani ya mshono, aunyime moto ukingo usishike, aufanye uwe na vitundu kama mkate. Kisha kila kipande kipimwe kwa ultrasoniki, yaani mawimbi ya sauti, na kwa picha za mionzi, rekodi yake ifungiwe kabatini, mtahiniwa asiione.

Naomba chuo kimoja cha umma hapa Nairobi kipewe jukumu la kutunza hazina hiyo, na kila anayejifunza aruhusiwe kuishika kwa mikono yake kabla ya siku ya mtihani. Vipande vya mtihani wenyewe vikae kando, na mtahini atoke kwingine. Naomba pia kampuni zinazopewa kandarasi za serikali zilazimike kuwapokea wanagenzi na kutia sahihi saa zao za kazi, maana bila saa hizo hata aliyefaulu darasani hafiki mbali.

Cheti kilichotolewa kwa kanuni za ISO 9712 hudumu miaka 5, kisha lazima kihuishwe. Kwa utaratibu huo, mwendeshaji yule wa boila angeketi penye kiti chake akijua nani alilipima boila lake.

Mimi nina kreti la vipande nilivyokusanya kazini kwa miaka mingi, vingine vikiwa na nyufa ambazo jicho halizioni. Chuo kikiteuliwa, nitavileta mwenyewe, na Jumamosi zangu nitazitoa nifundishe bila malipo. Kijana yule nimeshamwambia atakuwa wa kwanza kuja.

Wako mtiifu,
Mpimaji wa vyuma, Eneo la Viwanda, Nairobi