Kikombe cha Vallejo hakitaki tanbihi

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya vitabu anashauri kwamba anayefasiri ushairi wa Kihispania kwa Kiingereza aandike maana tupu, kisha madokezo ya dini ayasukumie kwenye tanbihi, eti wasomaji wa leo hawaijui Biblia. Nimezeekea katika kazi ya kufasiri, na hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Tumtazame César Vallejo, mshairi wa Peru. Babu zake wote wawili walikuwa mapadri, na lugha ya kanisa alikua nayo. Mashairi yake kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania yalitoka kitabuni mwaka 1939, yeye akiwa keshafariki (alifia Paris, Aprili 15, 1938, na siku hiyo, amini usiamini, ilikuwa Ijumaa Kuu). Kitabu kinaitwa *España, aparta de mí este cáliz*, yaani "Hispania, niondolee kikombe hiki". Ndiyo sala ya Yesu pale Gethsemane, ila palipo na Baba, Vallejo kaiweka Hispania. Anayeombwa akiondoe kikombe ndiye huyo huyo anayekinywa!

Wafasiri wa Kiingereza hapo wamegawanyika: wapo walioandika "cup", kikombe cha kawaida, wapo walioandika "chalice", kikombe cha misa. Mhispania hana taabu hiyo, maana "cáliz" ni ya Gethsemane na ni ya padri altareni pia. Ukiandika "chalice" unampeleka msomaji misani moja kwa moja, na ile bustani, ule usiku, lile jasho, vyote vimepotea. Mimi nashika "cup". Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilisema hivyo, na Mwingereza asiyekanyaga kanisani naye amewahi kuyasikia maneno hayo mahali fulani. Atashtuka akiwa bado kwenye jalada: mbona anayeitwa hapa si Mungu? Tanbihi itamweleza vizuri sana, lakini mshtuko utakuwa umeshapita.

Sikatai tanbihi zote. Antonio Machado, mshairi wa Hispania, ana shairi liitwalo "La saeta". Anaposema hataki kumwimbia Yesu wa msalabani bali yule aliyetembea baharini, hakuna wa kuelezwa. Lakini saeta yenyewe, wimbo ambao watu wa Andalusia, kusini mwa Hispania, huiimbia sanamu ikipitishwa barabarani Juma Kuu, Kiingereza hakina. Neno libaki kama lilivyo, na maelezo yawekwe chini.

Sasa mwandishi wenu atuambie: kwenye jalada la Vallejo, yeye angeandika nini?

Mfasiri mstaafu